Vidonge vya Kupanga Uzazi Viliniletea Donge la Damu Mapafuni. Nimdai Nani?

SWALI

Mheshimiwa Mshauri,

Mimi ni mama wa watoto wawili, mzaliwa wa Nakuru, na kwa sasa ninaishi Lowell, Massachusetts, ambako ninafanya kazi ya kuwahudumia wazee katika nyumba ya kulelea wagonjwa. Ninakuandikia kwa sababu nimepewa ushauri wa kila namna na watu wanaonitakia mema, lakini hakuna hata mmoja aliyeweza kunieleza sheria inasema nini.

Baada ya kumwachisha ziwa mtoto wangu wa pili nilikwenda kliniki kutafuta njia ya kupanga uzazi. Nilikuwa na umri wa miaka 33, sijawahi kuvuta sigara, na presha yangu ilikuwa ya kawaida. Mhudumu aliponiuliza habari za afya ya familia, nilimweleza kwamba mama yangu aliwahi kulazwa kwa sababu ya donge la damu mguuni. Aliandika kitu kwenye kompyuta, kisha akaniandikia vidonge vyenye homoni iitwayo drospirenone, akasema vingenisaidia pia na chunusi. Duka la dawa lilinipa pakiti yenye jina tofauti na lile aliloliandika, wakanieleza kwamba ni dawa ile ile kwa bei nafuu. Ndani ya mfuko mlikuwa na karatasi ya maelezo iliyokunjwa mara nyingi hadi ikawa ndogo kama kiberiti. Nakiri kwamba sikuifungua.

Baada ya miezi michache shavu la mguu wangu wa kushoto lilianza kuuma na kuvimba. Nilidhani ni uchovu wa zamu za usiku. Kisha nikaanza kuishiwa pumzi nikipanda ngazi za nyumbani, na kifua kikawa kinachoma kila nikivuta hewa kwa nguvu. Ilikuwa Februari ya mwaka jana. Nilikwenda chumba cha dharura cha hospitali moja, nikawaeleza dalili zote, na nina hakika niliwatajia vidonge nilipoulizwa natumia dawa gani. Waliniambia kwamba misuli ya kifua imevutika kwa sababu ya kuinua wagonjwa kazini, wakanipa dawa ya maumivu na kunirudisha nyumbani. Siku chache baadaye nilianguka bafuni. Gari la wagonjwa lilinipeleka hospitali nyingine, na huko picha ya CT ilionyesha madonge ya damu katika mapafu yote mawili.

Nilitoka nikiwa hai, namshukuru Mungu. Hata hivyo, nilikaa bila kazi kwa miezi, bado natumia dawa ya kuzuia damu kuganda, na bili zinaendelea kuingia. Watu wa kanisani wananiambia nishukuru tu na niyaache. Mume wangu anahofu kwamba nikishtaki nitaharibu maombi yetu ya makaratasi ya uhamiaji. Kwa upande mwingine, kuna mtu anayenipigia simu mara kwa mara akisema ataniunganisha na “kesi kubwa ya dawa za kupanga uzazi” na kwamba nitalipwa maelfu ya dola bila kufika mahakamani, mradi niweke sahihi kwenye fomu ya simu. Je, nina haki ya kukidai kiwanda? Na mdogo wangu aliyeko Nakuru, ambaye naye anatumia vidonge alivyonunua kwa mkemia, je, nimwambie aviache, na anaweza kuingia katika kesi hiyo?

Mama wa Wawili, Lowell

JIBU

Dada yangu, pole sana kwa yaliyokupata, na pole kwa kuyabeba huku kila mtu akikuvuta upande wake. Nitakujibu kwa urefu, kwa sababu jambo lako lina madai matatu tofauti yaliyofungwa katika tukio moja. Lile ambalo mpiga simu wako anakuuzia ndilo lililo dhaifu kuliko yote, ilhali lile lenye nguvu umelitaja kwa sentensi mbili tu na kulipita.

Nianze na fomu ya simu. Usiiwekee sahihi. Kesi kubwa ya vidonge vyenye drospirenone ilikuwepo kweli, lakini imekwisha. Mwaka 2009 madai ya wanawake waliotumia Yasmin na Yaz, vidonge vya kampuni ya Bayer, yalikusanywa mbele ya Jaji David Herndon katika mahakama ya shirikisho ya kusini mwa Illinois. Wanawake hao walieleza kwamba damu iliwaganda miguuni na mapafuni, na kwamba hawakuonywa ipasavyo kuwa homoni hiyo huenda ina hatari kubwa kuliko homoni za vidonge vya zamani. Kufikia mwanzoni mwa mwaka 2016 Bayer ilikuwa imekubali kulipa takriban dola bilioni 2 kwa madai zaidi ya 10,000 ya aina hiyo, bila kukiri kosa. Ukigawanya, utapata wastani wa karibu dola 200,000 kwa kila dai, na bila shaka hesabu hiyo ndiyo inayowapa wapiga simu ujasiri wa kukuahidi maelfu. Wasichokueleza ni kwamba wanawake waliougua kifuko cha nyongo katika kesi hizo hizo waligawiwa dola 2,000 au 3,000 tu kila mmoja, na kwamba kila dai lilipimwa kwa kumbukumbu za hospitali za mdai mwenyewe.

Kesi inayoendelea sasa kuhusu uzazi wa mpango, ambayo huenda ndiyo anayoichanganya mpiga simu, ni ya sindano ya Depo-Provera. Kesi hiyo iko mbele ya Jaji Casey Rodgers kaskazini mwa Florida tangu mwaka 2025, na inahusu uvimbe unaoota kwenye utando wa ubongo, unaoitwa meninjioma. Wewe hukuchomwa sindano hiyo na huna uvimbe huo. Anayetaka kukuingiza humo bila kukuuliza ulitumia dawa gani hajali kama dai lako litasimama au litaanguka. Anakusanya majina.

Sasa tuje kwenye dai la kwanza, la kiwanda. Katika sheria, kudhurika kwako hakutoshi. Karibu kila dawa yenye nguvu ina madhara, na mahakama za Marekani haziulizi kama dawa iliwahi kumdhuru mtu, bali zinauliza kama mtengenezaji alijua au alipaswa kujua hatari ile, na kama aliitangaza kwa namna ambayo mtu angeweza kuielewa na kuamua. Kwa hiyo tarehe ina uzito mkubwa. Wanawake waliolipwa na Bayer, kwa sehemu kubwa, walitumia vidonge kabla ya mwezi Aprili 2012. Desemba 2011 jopo la washauri wa FDA, yaani mamlaka ya dawa ya Marekani, lilipiga kura 21 kwa 5 kwamba maelezo yaliyokuwa kwenye vidonge vya drospirenone hayakutosha, ingawa jopo hilo hilo, kwa kura 15 kwa 11, lilisema manufaa yake bado yanazidi hatari. Miezi minne baadaye maelezo yakabadilishwa, yakaeleza kwamba baadhi ya tafiti zilikuta hatari ya damu kuganda ikiongezeka hadi mara tatu ukilinganisha na vidonge vyenye levonorgestrel, homoni ya vidonge vya zamani, na kwamba tafiti nyingine hazikukuta tofauti hiyo. Wewe umetumia vidonge hivi miaka mingi baada ya onyo hilo kuandikwa. Karatasi ile ambayo hukuifungua, kwa bahati mbaya, ndiyo ngao ya kwanza ya mtengenezaji.

Sisemi hivyo kukulaumu. Mimi binafsi naona ni jambo la kusikitisha kwamba onyo la kifo huchapishwa kwa herufi za mchwa, likabandikwa kwenye mfuko wa mtu anayekimbilia zamu, halafu likahesabiwa kuwa mazungumzo kati yake na kampuni. Na jimbo unaloishi limewahi kuliangalia jambo hili kwa jicho la mtumiaji kuliko majimbo mengi. Mwaka 1985 Mahakama Kuu ya Massachusetts iliamua kesi ya mwanamke aliyepata kiharusi mwaka 1976 baada ya kutumia vidonge vya kampuni ya Ortho kwa takriban miaka mitatu. Kampuni ilijitetea kwa kanuni iliyozoeleka: kwamba mtengenezaji akishamwonya daktari amemaliza kazi yake, na kumweleza mgonjwa ni jukumu la daktari. Mahakama ilikataa kuitumia kanuni hiyo kwa vidonge vya kupanga uzazi. Ilisema kwamba anayevitumia ni mtu mwenye afya anayejichagulia mwenyewe, ambaye humwona daktari mara moja tu kwa mwaka pengine, na kwa hiyo kampuni inawajibika kumwonya yeye moja kwa moja. Maelezo ya wakati ule yalitaja kuganda kwa damu na hata kifo, lakini hayakutaja kiharusi kwa jina, na mwanamke yule alisema kwamba angekisoma asingevimeza. Baraza la wazee wa mahakama lilikuwa limempa haki, jaji wa chini akaitengua, na Mahakama Kuu ikairejesha. Uamuzi huo ungali na nguvu hapo ulipo, na wakili wako ataujua. Lakini angalia mwanamke yule alishinda kwa sababu gani: kitu fulani hakikuandikwa. Katika karatasi yako, donge la damu mapafuni limeandikwa waziwazi.

Kuna kizuizi cha pili, nacho ni ile pakiti yenye jina tofauti. Ulipewa dawa jeneriki, yaani nakala halali inayotengenezwa na kampuni nyingine baada ya haki ya mbunifu kwisha. Mwaka 2011, katika kesi ya PLIVA dhidi ya Mensing, Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwamba watengenezaji wa dawa jeneriki hawawezi kushtakiwa chini ya sheria za majimbo kwa kutoonya vya kutosha, kwa sababu sheria ya shirikisho inawalazimisha kunakili maelezo ya dawa asilia neno kwa neno na hawana ruhusa ya kuyaongezea wenyewe. Miaka miwili kabla, mahakama hiyo hiyo ilikuwa imeamua katika kesi ya Wyeth dhidi ya Levine kwamba mtengenezaji wa dawa asilia anaweza kushtakiwa. Matokeo yake ni kwamba wanawake wawili wanaougua ugonjwa mmoja kwa kemikali moja wanaweza kuwa na haki tofauti kwa sababu tu mfamasia mmoja alitoa pakiti ya bei nafuu. Mimi huona matokeo hayo kuwa dhuluma, na hata Jaji Clarence Thomas aliyeandika uamuzi wa Mensing alikiri kwamba kwa macho ya wagonjwa hauleti mantiki. Ila ndiyo sheria.

Massachusetts iliacha mlango mmoja mwembamba. Mwaka 2018, katika kesi ya Rafferty dhidi ya Merck, Mahakama Kuu ya jimbo iliruhusu mtu aliyetumia dawa jeneriki kumdai mtengenezaji wa dawa asilia, ikiwa tu mtengenezaji huyo alifahamu, au alikuwa na sababu ya kufahamu, hatari isiyovumilika ya kifo au madhara makubwa ya mwili, kisha akaacha kwa makusudi kurekebisha maelezo. Uzembe wa kawaida hautoshi. Kwa kuwa onyo la damu kuganda limekuwamo katika maelezo tangu mwaka 2012, sioni ukipita katika mlango huo, isipokuwa wakili akupatie ushahidi mpya ambao mimi siujui.

Hata kama vizuizi hivyo visingekuwepo, ungetakiwa kuthibitisha kwamba ni kidonge kilicholeta donge. Estrojeni, homoni ya pili iliyomo katika vidonge vya mchanganyiko kama vyako, huongeza viini vya ugandishaji katika damu, jambo hilo halina ubishi, lakini damu huganda pia kwa wanawake wasiotumia chochote. Mamlaka ya dawa ya Ulaya, ilipokamilisha mapitio yake, ilikadiria kwamba kati ya wanawake 10,000 wasiotumia vidonge wala wasio wajawazito, 2 hivi hupata madonge katika mwaka. Kwa vidonge vya levonorgestrel ni 5 hadi 7. Kwa vya drospirenone ni 9 hadi 12. Nchini Uingereza mwaka 2002 karibu wanawake 100 waliodai fidia kwa watengenezaji watatu, kwa sababu ya vidonge vya wakati ule vya kizazi cha tatu, yaani vyenye homoni mpya kuliko za vidonge vya zamani, walipoteza kesi yao bila hata kufika kwenye swali la onyo. Jaji Mackay alikadiria kwamba vidonge hivyo vilizidisha hatari kwa takriban mara 1.7 ukilinganisha na vya zamani, na kwa kuwa haikufika mara mbili, hakuweza kusema kwamba yaelekea zaidi kuwa ni tofauti ile ya vidonge iliyowadhuru. Ukilinganisha na kutotumia kabisa, takwimu zako ni nzuri. Ukilinganisha na kidonge kingine ambacho ungepewa badala yake, ni za kubishaniwa.

Dai la pili ni dhidi ya kliniki. Hapa niwe mkweli: kumwandikia vidonge vya mchanganyiko mwanamke ambaye mama yake aliwahi kupata donge la damu si kosa kwa chenyewe. Mwongozo unaotumiwa na madaktari wa Marekani, ambao umetokana na ule wa Shirika la Afya Duniani, unaiweka historia ya mzazi au ndugu katika daraja la pili kati ya manne, maana yake manufaa kwa kawaida yanazidi hatari. Daraja la nne, la marufuku, ni kwa hali kama kipandauso chenye kuona vimulimuli, au kuvuta sigara nyingi ukiwa na miaka 35 au zaidi. Hata hivyo sheria ya Massachusetts, tangu uamuzi wa mwaka 1982 katika kesi ya Harnish, inamtaka mtabibu akueleze hatari zenye uzito ambazo zingekusaidia kuamua, pamoja na njia mbadala zilizopo. Kama hukuambiwa neno juu ya damu kuganda ilhali umetoka kumtajia mhudumu ugonjwa wa mama yako, na kama hukuelezwa kwamba kuna njia zisizo na estrojeni kabisa, hilo ni jambo la kuchunguzwa. Utalazimika kuonyesha kwamba wewe, na mwanamke mwenye busara katika hali yako, mngechagua njia nyingine. Kile alichokiandika mhudumu kwenye kompyuta sasa kina thamani kubwa: kama aliandika “historia ya familia: donge la damu, mama,” ni shahidi wako, na kama aliandika “hakuna,” ni jambo jingine kabisa, linaloweza kukusaidia au kukuumiza.

Dai la tatu ndilo ninaloliona kuwa na uzito, nalo ni la chumba cha dharura. Soma tena barua yako mwenyewe. Ulifika na mguu mmoja uliovimba, kifua kinachochoma ukivuta pumzi, kuishiwa hewa kwenye ngazi, na ukasema unatumia vidonge. Madaktari wa dharura wana orodha fupi ya maswali manane inayojulikana kwa kifupi PERC, inayowasaidia kuamua kama wanaweza kuondoa wazo la donge mapafuni bila kipimo chochote. Ili kuliondoa, majibu yote manane yanapaswa kuwa salama. Mawili kati ya hayo manane ni kwamba mgonjwa hatumii estrojeni, na kwamba hana mguu mmoja uliovimba. Wewe ulishindwa yote mawili kabla hata hawajakuwekea kifaa cha kupima oksijeni kidoleni. Haithibitishi uzembe peke yake, kwa sababu kipimo cha sheria ni kile ambacho daktari wa kawaida mwenye ujuzi wa fani hiyo angekifanya, na hilo litasemwa na daktari mwenzake atakayeitwa kama mtaalamu. Lakini kama hukupimwa damu kwa kipimo cha D-dimer, kinachotafuta dalili za damu kuganda, wala kupigwa picha, na sababu iliyoandikwa ni kuvutika kwa misuli, nataka wakili aisome karatasi hiyo haraka.

Uwe tayari kwa hoja yao kwamba donge lilikuwepo tayari ulipofika, hivyo hawakukuletea wao. Ni kweli. Utakachodai ni yale yaliyotokana na kucheleweshwa: kuanguka bafuni, kuenea kwa madonge hadi mapafu yote mawili kama ndivyo ilivyokuwa, kulazwa muda mrefu zaidi, na mshahara uliopotea kwa kadiri unavyozidi ule ambao ungepotea hata kama ungetibiwa siku ile ya kwanza. Kuitenganisha hasara hiyo na nyingine ni kazi ngumu, na ndiyo inayoamua kama wakili ataikubali kesi.

Kuhusu muda: Massachusetts inatoa miaka 3, kwa madai ya dawa na ya uzembe wa tiba, tangu ulipojua au ulipopaswa kujua kwamba umedhurika na ni nani huenda alisababisha. Usijihesabie kwa ukarimu. Chukua siku ile uliyorudishwa nyumbani kuwa mwanzo, hata kama kuna hoja ya kuusogeza mbele. Kumbuka pia kwamba katika madai ya uzembe wa tiba sheria ya jimbo humtaka mdai ampe mtabibu notisi ya maandishi siku 182 kabla ya kufungua kesi, na kwamba baada ya kufungua, dai hupitishwa mbele ya jopo la jaji, daktari na wakili. Jopo likiona ushahidi hautoshi, utatakiwa kuweka dhamana ya dola 6,000 ili uendelee. Ongeza muda wa kumtafuta mtaalamu na kupata kumbukumbu, utaona kwamba miaka mitatu si mingi, na sehemu yake imeshakwenda.

Leo hii, kabla ya simu yoyote kwa wakili, omba kumbukumbu zako kamili kutoka kliniki na hospitali zote mbili, zikiwemo maelezo ya wauguzi wa mapokezi na picha ya CT yenyewe, si muhtasari tu. Sheria ya shirikisho inakupa haki ya kuzipata, kwa kawaida ndani ya siku 30. Omba duka la dawa orodha ya dawa ulizochukua pamoja na jina la mtengenezaji wa kila pakiti. Kama bado unayo pakiti, hata tupu, iweke kwenye bahasha pamoja na ile karatasi, usiitupe. Andika kwa mkono wako, na kwa lugha unayoifikiria, kila unachokumbuka kuhusu siku ile ya chumba cha dharura: nani alikuuliza nini, ulivaa nini mguuni, nani alikusindikiza. Usiandike lolote kuhusu jambo hili kwenye Facebook wala makundi ya WhatsApp ya kanisa, kwa sababu upande wa pili utayaomba.

Wakili wa kesi hizi hulipwa kwa asilimia ya fidia. Massachusetts imeweka ngazi kwa madai ya uzembe wa tiba: si zaidi ya asilimia 40 ya dola 150,000 za kwanza, kisha inashuka hatua kwa hatua hadi asilimia 25 kwa kiasi kinachozidi dola 500,000. Makubaliano lazima yawe ya maandishi na upewe nakala. Uliza mapema gharama za wataalamu zitalipwa na nani kesi ikishindwa, na bima yako ya afya itadai kurudishiwa kiasi gani kesi ikifaulu. Uliza pia kama hospitali ile ni ya hisani, kwa sababu fidia ya uzembe wa tiba kutoka hospitali za namna hiyo jimboni humo imewekewa kikomo cha dola 100,000, ingawa kikomo hicho hakimkingi daktari mwenyewe. Jina la wakili lihakiki kwa Board of Bar Overseers, chombo kinachosimamia mawakili wa jimbo hilo.

Mwambie shemeji kwamba kufungua dai la madhara ya mwili ni haki ya mtu yeyote aliyeumia Massachusetts, awe na makaratasi ya aina gani au asiwe nayo, na kwamba dai la namna hii ni la kiraia, si la jinai. Kwa amani yake, mpitishieni wakili wa uhamiaji swali hilo kabla ya kuanza. Na wale wanaokuambia ushukuru tu, waheshimu, lakini shukrani kwa Mungu haizuii daktari kuulizwa kwa nini hakupima.

Kuhusu mdogo wako wa Nakuru, usimwambie aache vidonge ghafla. Oktoba 1995 mamlaka ya Uingereza ilipotoa tahadhari ya ghafla juu ya vidonge vya kizazi cha tatu, wanawake wengi waliviacha bila njia mbadala, na mwaka uliofuata idadi ya utoaji mimba nchini humo iliongezeka. Ujauzito na wiki za baada ya kujifungua hugandisha damu kuliko kidonge chochote. Mwambie aangalie kwenye pakiti vina homoni gani. Vingi vinavyouzwa Kenya ni vya levonorgestrel, ambavyo viko katika kundi la hatari ndogo zaidi. Kisha aende kliniki, si kwa mkemia tu, aseme kwamba mama alipata donge la damu na sasa dada yake pia. Mhudumu anaweza kumpa kijiti, koili ya shaba au vidonge visivyo na estrojeni. Mguu mmoja ukivimba au kifua kikibana, aende hospitali siku hiyo hiyo na ataje vidonge kabla hajaulizwa.

Hawezi kuingia katika kesi ya Marekani kwa dawa aliyoinunua Nakuru, na kwa kuwa hajadhurika hana la kudai popote. Kama angedhurika, Katiba ya Kenya, ibara ya 46, inampa mtumiaji haki ya fidia kwa bidhaa au huduma yenye kasoro, na muda wa kudai madhara ya mwili huko nako ni miaka 3. Madhara ya dawa huripotiwa kwa Pharmacy and Poisons Board, na malalamiko dhidi ya daktari hupelekwa kwa baraza la madaktari. Wewe pia unaweza kuripoti FDA kupitia MedWatch, mfumo wake wa kupokea ripoti za madhara ya dawa, hata usipofungua kesi. Fomu hiyo hujazwa na mgonjwa mwenyewe, haihitaji wakili, na inauliza jina la mtengenezaji lililo kwenye pakiti, kwa hiyo subiri kwanza jibu la duka la dawa.

Mshauri wako